Blogu Kama Kazi ya Kitaaluma: Uhakiki wa Bukavu Series

Utangulizi

Kwa desturi iliyozoeleka katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na ya Kati, mwanataaluma hupimwa kwa maandishi aliyoyachapisha. Makala katika jarida, sura katika kitabu na kitabu chenyewe huhesabiwa. Maandishi ya aina nyingine, hata yawe na manufaa gani, huwekwa kando. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwalimu anayetaka kutoka ngazi ya asistanti hadi ile iitwayo chef de travaux, na kutoka hapo hadi uprofesa, hana budi kuonyesha machapisho. Swali linalozuka ni hili: chapisho ni nini? Je, makala ya kitaaluma yaliyotolewa katika blogu, yaani katika ukurasa wa intaneti unaoweza kusomwa na yeyote bila malipo, yanastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi za kitaaluma katika taaluma za insia na zile za jamii zilizo jirani nazo?

Swali hili limekwisha kujadiliwa ng'ambo. Nchini Marekani, chama cha wanataaluma wa lugha na fasihi, MLA, kilitoa mwongozo wa kutathmini kazi za kidijitali mwaka 2000 na kuurekebisha mwaka 2012. Chama cha wanahistoria wa nchi hiyo, AHA, kilitoa wake mwaka 2015. Aidha, Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, linahimiza kwamba kazi ipimwe kwa yaliyomo ndani yake badala ya kupimwa kwa sifa ya jarida lililoichapisha. Miongozo hiyo ina faida. Hata hivyo, inachukulia kwamba mwenye kazi anajulikana, na kwamba kinachobishaniwa ni chombo alichokitumia tu. Mjini Bukavu, katika jimbo la Kivu Kusini, suala limejitokeza kwa sura nyingine. Huko blogu ilitumiwa na watafiti ambao kazi yao ilikuwa ikichapishwa kwa muda mrefu chini ya majina ya watu wengine.

Makala haya yanauhakiki mkusanyo wa maandishi unaojulikana kwa jina la Bukavu Series (hapa chini, Mfululizo). Hoja inayotetewa ni kwamba andiko la kitaaluma lipimwe kwa ushahidi linaoutoa, kwa uwajibikaji wa aliyelitia saini, kwa uwezekano wa kujibiwa na wasomaji wenye ujuzi, na kwa uhakika wa kuhifadhiwa. Kwa vigezo hivyo, sehemu kubwa ya Mfululizo ni kazi ya kitaaluma. Vilevile, vigezo hivyo hivyo vinaonyesha mapungufu yake, na pungufu kubwa kuliko yote ni lile la lugha.

Chimbuko la Mfululizo

Bukavu si mji mgeni katika historia ya utafiti. Kaskazini mwa mji, huko Lwiro, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliweka makao ya taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, na kituo cha utafiti wa sayansi asilia kingali hapo hadi leo. Chuo cha ualimu cha Institut Supérieur Pédagogique, maarufu kwa kifupi cha ISP, kina kituo chake cha utafiti, CERUKI, na jarida lake, Cahiers du CERUKI. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa mwaka 1989. Wanafunzi wa Kiswahili nao wanaukumbuka mji huu kwa makala ya Didier Goyvaerts ya mwaka 1988 kuhusu Indoubil, lugha ya vijana iliyojengwa juu ya Kiswahili cha Bukavu. Ni vema kukumbuka kwamba makala hayo yalitolewa katika jarida la Kiingereza la ng'ambo. Lugha ilikuwa ya mitaa ya Bukavu, lakini mjadala juu yake ulifanyika mbali na wasemaji wake.

Baada ya vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, watafiti wengi kutoka nje walielekea Kivu ili kuchunguza makundi yenye silaha, ardhi, migodi na mateso ya raia. Kazi yao isingewezekana bila watafiti wa hapo walioitwa wasaidizi. Msaidizi huyo ndiye anayejua njia ipi inapitika na ipi haipitiki, ndiye anayeomba ruhusa kwa chifu na kwa kamanda, ndiye anayeuliza maswali kwa Kiswahili, kwa Kishi au kwa Kifuliiru, na ndiye anayeyafasiri majibu. Mwenye mradi akisharudi kwao, msaidizi hubaki akikutana sokoni na watu wale wale aliowahoji. Katika chapisho linalotokana na kazi hiyo, jina lake mara nyingi limo katika shukrani, na pengine halimo kabisa.

Mfululizo ulizaliwa kutokana na hali hiyo. Makala yake yalianza kusomwa mwaka 2019 kupitia mtandao wa watafiti wa Governance in Conflict, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Ghent, Chuo Kikuu cha Louvain na watafiti wa Bukavu, wakiwemo wale wa kikundi cha utafiti wa migogoro cha GEC-SH katika ISP. Mwaka 2020 makala hayo yalikusanywa kitabuni na mashine ya uchapaji ya Chuo Kikuu cha Louvain. Wahariri walikuwa watano: Aymar Nyenyezi Bisoka, An Ansoms, Koen Vlassenroot, Emery Mudinga na Godefroid Muzalia. Kitabu kilitolewa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kikilenga, kama jina lake linavyotangaza, kuuondolea utafiti ukoloni.

Umbo na mtindo

Makala ya Mfululizo ni mafupi. Mengi hayazidi kurasa chache, na yameandikwa kwa nafsi ya kwanza. Mwandishi hueleza tukio lililompata uwandani, kisha hulitafakari. Dhamira zinazojirudia ni chache na zimefungamana: hatari ya njiani, shaka ya wanakijiji kwamba mtafiti ni mpelelezi, matarajio ya malipo, mzigo wa kusikiliza habari za mateso siku baada ya siku, na kutotajwa kwa msaidizi katika chapisho la mwisho. Pamoja na maandishi hayo ipo michoro ya Thembo Kash, mchoraji wa katuni wa Kongo, ambayo huyasema kwa kejeli yale ambayo maandishi huyasema kwa tahadhari.

Makala moja yatoshe kuwa mfano. Élisée Cirhuza aliyapa makala yake kichwa cha Kiingereza ambacho ndani yake yamo maneno mawili ya Kiswahili: pombe yangu. Mada yake ni matarajio ya fedha waliyonayo watu wanaohojiwa. Msomaji wa Kiswahili anayatambua maneno hayo mara moja. Katika mazungumzo ya kawaida, pombe ni jina la heshima linalopewa pesa ndogo anayoombwa mgeni, kama vile mahali pengine inavyoombwa ya soda au ya chai. Lakini katika kichwa hicho mtafiti haombwi pombe; yeye mwenyewe amegeuka kuwa pombe ya mtu. Kirai hicho kinaeleza uhusiano mzima wa kiuchumi kati ya anayeuliza na anayeulizwa. Kuna anayekuja na daftari, na kuna anayejua kwamba daftari hilo lina mfadhili. Ingekuwa vigumu kuufasiri uhusiano huo kwa Kifaransa au Kiingereza pasipo kuupunguza, na bila shaka ndiyo sababu maneno yenyewe yameachwa kama yalivyosemwa.

Hapa ndipo umbo la blogu linapoonyesha faida yake. Katika makala ya jarida, jambo kama hili huwekwa katika sehemu ya mbinu za utafiti, na mara nyingi hupewa sentensi moja inayosema kuwa watoa habari walihojiwa kwa hiari yao. Sentensi hiyo huficha majadiliano yote yaliyotangulia hiari hiyo. Makala mafupi yanayojitegemea yanaweza kulifanya jambo hilo kuwa mada kamili. Kwa hiyo, Mfululizo umetoa maarifa kuhusu namna maarifa yanavyopatikana, na maarifa ya aina hiyo ni sehemu halali ya taaluma yoyote inayotegemea mazungumzo na watu.

Hoja za wapinzani

Wapo wanaoona kwamba maandishi ya aina hii hayastahili kuhesabiwa, na hoja zao si za kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni kwamba makala ya blogu hayapitiwi na wanataaluma wenzi kabla ya kutolewa. Ni kweli kwamba kila mwenye kompyuta anaweza kuandika apendalo. Hata hivyo, Mfululizo haukuandikwa hivyo. Ulikuwa na wahariri, na wahariri hao ni wanataaluma wenye majina. Isitoshe, uhakiki wa kabla ya kuchapisha ni njia mojawapo tu ya kuisahihisha kazi. Andiko lililo wazi kwa wote linaweza kusomwa na mtu wa Kalehe au wa Uvira anayelijua tukio linaloelezwa, na mtu huyo anaweza kulikanusha. Msomaji kama huyo hapatikani miongoni mwa wahakiki wawili wanaoteuliwa na jarida la London.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasemwa kwamba makala haya ni ushuhuda, na ushuhuda ni malighafi ya utafiti, si utafiti wenyewe. Jibu la hoja hii halina budi kutofautisha baina ya makala na makala. Yapo katika Mfululizo maandishi yanayoishia kwenye malalamiko: mwandishi anaeleza alivyodhulumiwa, kisha ananyamaza. Hayo ni ushuhuda, na yaitwe hivyo. Yapo pia yale ambayo mwandishi wake analichukua tukio, analilinganisha na matukio mengine, anatafuta kisa chake, na kufikia jambo ambalo msomaji anaweza kulikubali au kulipinga. Hayo ni uchambuzi. Kinachotakiwa ni tathmini inayosoma kila andiko kwa makini, na tathmini ya namna hiyo haifanyiki pale ambapo blogu zote zimetupwa katika kapu moja kabla ya kusomwa.

Hoja ya tatu inahusu uhifadhi. Ukurasa wa intaneti unaweza kutoweka siku ambayo mradi umeishiwa fedha. Hoja hii ni ya haki, na inaugusa Mfululizo moja kwa moja. Kukusanywa kwa makala katika kitabu mwaka 2020 kuliyapa maisha marefu zaidi. Lakini kitendo hicho kinazusha swali ambalo wapinzani hawana budi kulijibu. Hoja za makala, ushahidi wake na waandishi wake havikubadilika kwa kutiwa kitabuni. Kama mwaka 2019 hayakuwa kazi ya kitaaluma na mwaka 2020 yakawa, basi kilichoongezeka ni jalada na namba ya kitabu. Kamati ya vyeo inayoyakubali ndani ya jalada na kuyakataa nje ya jalada itakuwa imepima uhifadhi tu, huku ikidai kuwa imepima taaluma.

Mfano wa Vocabulaire ya Elisabethville

Wanafunzi wa Kiswahili cha Kongo wanao mfano wa zamani unaolifafanua jambo hili, ingawa unatoka Katanga na si Kivu. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Andiko hilo, linalojulikana kama Vocabulaire, lilipigwa chapa ya kurudufu na kusambazwa nje ya mfumo wowote wa kitaaluma. Halikuwa na mhakiki wala tanbihi, na tahajia yake haikufuata kanuni za Kiswahili sanifu. Mwaka 1990 Johannes Fabian alilichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi wake, akisaidiwa na Kalundi Mango, huku Walter Schicho akiandika maelezo ya kiisimu. Tangu hapo hakuna anayeweza kuandika kwa uzito juu ya historia ya mji ule kutoka upande wa watumishi na wafanyakazi bila kulirejelea.

Fabian alikwenda mbele zaidi. Pamoja na Vincent de Rooij, aliweka katika intaneti hifadhi ya matini za Kiswahili cha Kongo, ambamo Vocabulaire imo pia. Kisha, katika kitabu chake cha mwaka 2008, Ethnography as Commentary, alitetea wazo kwamba matini inapokuwa wazi kwa wote, kazi ya mwanataaluma inakuwa kuifafanua mbele ya msomaji anayeweza kuiona yote, badala ya kuinukuu vipande vipande. Matini iliyokuwa msingi wa kitabu hicho ni mazungumzo ya Kiswahili aliyoyafanya Lubumbashi mwaka 1974 na mganga aitwaye Kahenga.

Mafunzo ya mfano huu ni mawili. Kwanza, chombo hafifu cha uchapishaji hakikulizuia andiko la Yav kuwa nguzo ya taaluma. Pili, ilipita robo ya karne kabla ya andiko hilo kutambuliwa, na lilitambuliwa kupitia mkono wa profesa wa ng'ambo. Watafiti wa Bukavu wakiambiwa leo kwamba maandishi yao yasubiri kufafanuliwa na mwingine ndipo yahesabiwe, watakuwa wamerudishwa katika hali ile ile waliyoilalamikia: maarifa ni yao, saini ni ya mwingine.

Suala la lugha

Pungufu kubwa la Mfululizo linaonekana hapa. Waandishi wake wanadai haki ya kusema kwa sauti yao wenyewe, lakini wanasema kwa Kiingereza na Kifaransa. Mahojiano wanayoyasimulia yalifanywa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hata hivyo, katika maandishi yanayopigania kuuondolea utafiti ukoloni, Kiswahili kimeingia kama maneno mawili ndani ya kichwa cha Kiingereza.

Sababu zake zinaeleweka. Mfululizo ulikuwa na msomaji wake maalumu, yaani mtafiti wa Kaskazini ambaye tabia yake ilitakiwa ibadilike, na msomaji huyo hasomi Kiswahili. Lakini uchaguzi huo ulikuwa na gharama yake. Mwanakijiji aliyehojiwa, ambaye ni mhusika katika kila makala, hakupewa nafasi ya kusoma yaliyoandikwa juu yake wala kuyajibu. Ilikwisha kudaiwa hapo juu kwamba uwazi wa blogu unamruhusu mtu wa Kalehe kukanusha. Uwazi huo haujakamilika ikiwa mtu wa Kalehe anaikuta kurasa hiyo katika lugha asiyoisoma. Kwa hiyo, sifa kuu inayotolewa kuitetea blogu imetimizwa nusu tu na Mfululizo.

Kasoro hii inaweza kurekebishwa, na ni blogu, kuliko jarida, iliyo na uwezo wa kuirekebisha. Makala ya kurasa tatu hayahitaji fedha nyingi kutafsiriwa, na hayana ulazima wa kusubiri toleo la mwaka. Majarida ya Kiswahili yenyewe yalianza kwa udogo. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam linatokana na taarifa ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na maandishi mafupi ya zama hizo yanasomwa leo kama sehemu ya historia ya taaluma.

Hatari ya kutia saini

Lipo jambo moja ambalo watetezi wa blogu hulitaja kwa nadra. Kutia saini hadharani ni haki, lakini katika nchi yenye vita ni hatari pia. Mwezi wa Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Katika mazingira kama hayo, makala yanayosomwa kila mahali, yenye jina la mwandishi na yanayotaja kijiji alichokwenda, yanaweza kumfikia mtu ambaye hakukusudiwa. Jarida la maktaba lilikuwa na kinga ya kutosomwa na wengi; blogu haina kinga hiyo.

Kwa hiyo, utambuzi wa blogu haupaswi kugeuka kuwa shurti. Mtafiti anayechagua kuficha jina la kijiji, kuchelewesha kutoa makala, au kuyatoa bila jina lake huku mhariri akilijua, asihesabiwe kuwa amekosa uwajibikaji. Uamuzi wa namna hiyo, ukielezwa vizuri, ni sehemu ya maadili ya kazi, na kamati inayoipima kazi iuzingatie. Msaidizi wa utafiti ndiye anayejua kuliko wote ni lini jina lisitajwe. Ujuzi huo nao ni wa kitaaluma.

Hitimisho

Mfululizo wa Bukavu umeonyesha kwamba makala mafupi ya intaneti yanaweza kubeba uchambuzi ambao majarida hayakuupa nafasi, na kwamba yanaweza kuandikwa na wale ambao majarida hayakuwapa saini. Umeonyesha pia kwamba si kila andiko la aina hiyo ni uchambuzi, kwamba uhifadhi wake ni dhaifu, na kwamba unaweza kudai sauti ya wenyeji huku ukiacha lugha yao mlangoni.

Vyuo vya eneo hili vinaweza kuanza na hatua tatu. Kwanza, mwombaji wa cheo aruhusiwe kuwasilisha idadi maalumu ya makala ya blogu, na yasomwe na wahakiki kwa vigezo vile vile vya ushahidi na hoja vinavyotumika kwa makala ya jarida. Pili, maktaba ya chuo iweke nakala ya kila andiko linalowasilishwa, kwa karatasi na kwa kompyuta, ili uzima wa andiko usitegemee uhai wa mradi. Tatu, makala yaliyotokana na mahojiano ya Kiswahili yawe na toleo la Kiswahili, na toleo hilo lihesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma na si tafsiri ya ziada.

Hatua hizo hazihitaji sheria mpya wala fedha za mfadhili. Zinahitaji kamati zikubali kusoma kabla ya kuhesabu. Zikifanya hivyo, asistanti wa Bukavu aliyekwenda uwandani, akauliza, akafasiri na akaandika, ataweza kuliweka jina lake mbele ya kamati pamoja na kazi iliyo yake.